Kabla hujaandika asilimia, uliza: kati ya ngapi?

Ukianza kazi ya ukaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha plastiki hapa Industrial Area, hesabu utakayoifanya kila siku ni ya shule ya msingi: vibovu gawanya kwa jumla, zidisha kwa 100. Kugawanya hakumshindi mtu, simu yako ina kikokotoo. Kazi ni kujua jumla yenyewe ni ipi.

Chukua shifti ya usiku ya vifuniko vya chupa. Asubuhi unakuta gunia la vibovu limesimama kando ya mashine, na vijana wa kusaga wanalingoja. Wazuie kwanza. Gunia likishasagwa bila kupimwa, asilimia yoyote utakayoandika ni ya kubuni. Lipime, utoe uzito wa gunia tupu. Kisha hesabu vifuniko 100 kutoka gunia hilo hilo uviweke kwenye mizani ndogo. Tuseme vina gramu 240, yaani gramu 2.4 kila kimoja. Kama gunia lina kilo 6, gawanya gramu 6,000 kwa 2.4: una vibovu 2,500.

Hivyo 100 usivitoe kwenye boksi la vizuri. Vibovu vingi ni vile ambavyo plastiki haikujaa, kwa hiyo ni vyepesi; ukitumia uzito wa kizuri utapata idadi pungufu na shifti itasifiwa bure. Chota juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu vya chini vilitoka mashine ikipata joto na vya juu vilitoka alfajiri.

Haya, kati ya ngapi? Kaunta ya mashine inasema 3,900. Hiyo ni idadi ya mara moldi, yaani kalibu inayounda vifuniko, ilivyofunga na kufunguka. Kama moldi ina matundu 16, kila moja likitoa kifuniko kimoja kwa kila mara, vilivyotoka ni 62,400, na 2,500 kati ya hivyo ni asilimia 4. Muulize fundi kama kuna tundu lililozibwa usiku. Likizibwa moja tangu mwanzo wa shifti, jumla inashuka hadi 58,500 na kiwango kinakuwa karibu asilimia 4.3. Mtu wa stoo naye atakupa idadi ya vilivyopakiwa kwenye maboksi. Hiyo ni ya vilivyopona, usigawanye kwayo.

Supavaiza atataka namba moja ya mashine zote. Ya kwanza ina vibovu 40 kati ya 2,000, asilimia 2. Ya pili ina 18 kati ya 300, asilimia 6. Wengi wanajumlisha 2 na 6, wanagawanya kwa mbili, wanaandika 4. Jumlisha vibovu na vibovu, vilivyotoka na vilivyotoka: 58 kati ya 2,300, kama asilimia 2.5 hivi. Mimi ningempa zote tatu, maana hiyo 2.5 peke yake inaificha mashine ya pili, na ndiyo inayohitaji fundi.

Kiwango kikitoka asilimia 2 hadi 3, usiseme kimepanda asilimia moja. Vibovu vimeongezeka kwa nusu. Sema tu "kilikuwa 2, sasa ni 3", hakuna atakayebishana nawe.

Jambo linalowatatiza wageni karibu wote ni jedwali za ISO 2859-1, kanuni ya kimataifa ya kukagua mzigo kwa sampuli. Mzigo wa vipande kati ya 1,201 na 3,200, kwa ukaguzi wa kawaida wa ngazi ya pili (Level II), unachukua sampuli ya vipande 125. Mteja akikubali kikomo cha vibovu (AQL) cha asilimia 2.5, mzigo unapita sampuli ikiwa na vibovu hadi 7 na unakataliwa ikiwa na 8. Mgeni anapiga hesabu: 7 kati ya 125 ni asilimia 5.6, mbona imepita? Sampuli hubahatisha. Mzigo wenye asilimia 2.5 ya vibovu utatoa wastani wa vitatu hivi, lakini siku nyingine utatoa vitano au sita bila kosa la mtu, na jedwali limeacha nafasi ya hilo. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba mzigo una asilimia 5.6 ya vibovu. Andika 7 kati ya 125, umepita.

Na ukiulizwa vitengenezwe vingapi ili vizuri vipatikane 5,000, huku kiwango kikiwa asilimia 4, usiongeze asilimia 4 juu ya 5,000. Utapata 5,200, na ukitoa vibovu vyake 208 unabaki na 4,992. Gawanya 5,000 kwa 0.96: 5,208.3, kwa hiyo agiza 5,209. Kisha ongeza kidogo, kwa sababu ile asilimia 4 ni ya wiki iliyopita.