Samaki Anafaidi Nini kwa Jani la Mkoko?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kunduchi jirani na mikoko, ambako maji yakipwa tope hutoa harufu ya yai viza, na majani yaliyopukutika hulala humo bila samaki yeyote kuyagusa. Sisi vijana wa mtaa tulipotaka kuyafagia, mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, alitukataza akisema kwamba pasipo majani hayo hapana kamba wala mkizi. Samaki anafaidi nini kwa jani asilolila?

JIBU: Mjomba wako yuko sahihi, kwani kinacholiwa si jani bali uozo wake. Jani la mkoko likiwa bichi ni gumu na lina tanini nyingi, ile ile iliyofanya gome la mti huo litafutwe kwa kutengenezea ngozi, na wanyama wengi huliepuka. Maji yakipwa tena, chutama ukingoni bila kutikisika: baada ya dakika chache kaa watatoka, na huenda ukamwona mmoja akiliburuta jani hadi shimoni mwake. Huko hulikatakata, na vipande vinavyosalia, pamoja na kinyesi chake, huvamiwa na bakteria na kuvu, ambao huyaongezea makombo hayo protini kwa miili yao wenyewe. Makombo hayo ndiyo yanayomezwa na kamba wachanga na mkizi, naye mkizi huliwa na chewa, kama hatukumwahi sisi.

Harufu nayo inatokana na kuoza huko huko. Tope lile halina oksijeni, kwa hiyo bakteria wake hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndiyo sababu pia mchu, mmoja wa miti ya mikoko, husimamisha mizizi juu ya tope, mithili ya penseli, ili ipate hewa.

Nitrojeni na fosforasi za jani hurudi topeni zikavutwa tena na mizizi. Nishati ya jua iliyohifadhiwa katika jani haizunguki hivyo: kila mlaji hutumia sehemu yake kubwa, ikapotea kama joto, jambo ambalo Mmarekani Raymond Lindeman alilifafanua mwaka 1942. Kwa makadirio ya jumla, asilimia 10 tu humfikia mlaji anayefuata, na kwa sababu hiyo chewa hawawezi kuwa wengi kama mkizi.

Mkienda na mafagio yenu, zoeni plastiki; majani yaachieni kaa.