Maswali ya Wasomaji: Kifaransa, Kireno na Kihispania kwa Pamoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza na somo langu kuu ni Kifaransa, ambacho nilianza kukisoma sekondari. Muhula ujao nimeruhusiwa kuongeza lugha mbili, nami nimechagua Kireno na Kihispania kwa kuwa zote zimetokana na Kilatini. Wenzangu wanasema nitazichanganya hadi niharibu hata Kifaransa changu. Je, niendelee au niache?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Usiache, ila usizianze lugha hizo mbili katika muhula mmoja. Wenzako wana sababu ya kuogopa, lakini wanakihofia Kifaransa bure, kwani lugha uliyoisoma kwa miaka kadhaa imekwisha kutulia na haiyumbishwi kwa urahisi. Zitakazogombana ni Kireno na Kihispania, kwa sababu zinafanana mno na zote zitakuwa changa kwako kwa wakati uleule.

Msamiati usikutishe, maana hapo ndipo undugu wa lugha hizi unapokusaidia zaidi. Sauti za Kilatini zilibadilika kwa utaratibu unaoweza kujifunza: usiku ni «notte» kwa Kiitalia, «noche» kwa Kihispania, «noite» kwa Kireno na «nuit» kwa Kifaransa, na utaratibu huohuo utauona katika nane, yaani «otto», «ocho», «oito» na «huit», na tena katika maziwa, yaani «latte», «leche», «leite» na «lait». Tenga daftari moja la safu za namna hiyo, na kila neno jipya uliandike pamoja na ndugu zake.

Hatari imo katika mambo madogo yanayokaribiana bila kulingana. Maziwa, chumvi, damu na asali ni nomino za kike kwa Kihispania, ilhali kwa Kifaransa, Kireno na Kiitalia zote nne ni za kiume. Safari nayo ni ya kiume kwa Kihispania, «el viaje», na ya kike kwa Kireno, «a viagem». Nyakati za vitenzi zinasumbua zaidi. Mhispania akisema «he comido» anamaanisha kwamba amekula, lakini Mreno akisema «tenho comido» anazungumzia tendo ambalo limekuwa likirudiwa siku za karibuni, na kama amekula mara moja tu atasema «comi». Makosa ya aina hii hayakuzuii kueleweka, ndiyo maana huota mizizi kabla mwanafunzi hajayatambua, na mhadhiri mwenye darasa kubwa hawezi kuyasahihisha yote.

Kwa hiyo, anza na Kireno, ukisome mpaka uweze kuzungumza na kuandika barua bila kusitasita, kisha mwaka wa tatu uingie Kihispania. Najua wengi wangekushauri kinyume chake, kwa kuwa irabu za Kihispania ni tano kama zetu na matamshi yake hayamsumbui Mswahili. Hata hivyo, sikio lililozoea Kireno hufuata Kihispania kwa wepesi kuliko sikio la Kihispania linavyofuata Kireno, na irabu za puani za Kifaransa zimekwisha kukuandaa kwa zile za Kireno. Tena iko haja ya kazi: Msumbiji ni jirani yetu, Kireno ni lugha rasmi ya SADC na ya Umoja wa Afrika, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, hutumia lugha rasmi za Umoja huo.

Wakati ukisubiri zamu ya Kihispania, hakuna kinachokuzuia kukisoma kwa macho. Katika miaka ya 1990, mtaalamu wa isimu Claire Blanche-Benveniste, akiwa Aix-en-Provence na akishirikiana na wenzake wa Lisbon, Salamanca na Roma, aliongoza mradi wa EuRom4, ambao ulimfundisha mzungumzaji wa mojawapo ya lugha nne, yaani Kifaransa, Kireno, Kihispania na Kiitalia, kusoma makala za magazeti katika tatu nyingine kwa pamoja, bila kudaiwa azizungumze. Naupenda mpango huo kwa sababu unatenganisha kuelewa na kuzungumza. Kuelewa lugha tatu kwa mpigo kunawezekana. Kuzizungumza ndiko kunakotaka zipishane.

Usisahau pia kwamba Kiswahili chako ni mtaji. Aliyekulia katika upatanisho wa ngeli hashangai kivumishi kikifuata jinsia ya nomino, na aliyezoea kusema «ninasoma», nafsi ikiwa ndani ya kitenzi, haoni ajabu Mreno akisema «leio» peke yake.

SWALI: Mwalimu, je, ni lazima kujifunza Kilatini kwanza?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si lazima. Lugha hizi zilikua kutokana na Kilatini cha mazungumzo cha askari na wachuuzi, na muhula mmoja wa historia ya lugha hizi za Kirumi utakufaa kuliko miaka miwili ya mashairi ya kale. Anayekusudia kutafiti maandishi ya Zama za Kati ndiye asiyeweza kukikwepa.

SWALI: Binti yangu anasoma Kifaransa na Kiitalia hapa Uingereza. Mwaka wa tatu ataishi ng'ambo, nusu Ufaransa na nusu Italia. Aanzie wapi?
Mzazi, Leicester

JIBU: Ikiwa Kiitalia amekianzia chuoni, mzazi mwenzangu, aanze Ufaransa na amalizie Italia, na chuo kikiruhusu, Italia aipe miezi mingi zaidi. Lugha iliyo dhaifu ndiyo inayohitaji kuwa mbichi masikioni anaporudi kwa mwaka wa mwisho na mitihani yake. Achague mji wa kadiri kama Parma badala ya Firenze, ambako wageni ni wengi na mgeni hujibiwa haraka kwa Kiingereza. Awapo huko, asikiache Kifaransa kabisa: asikilize redio na asome kila siku, lakini mazungumzo yake yote yawe ya Kiitalia.