Maswali ya Wasomaji: Kijerumani kwa Anayeanza

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaojiandaa na mtihani wa A1, ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani. Tumezichukua zile zenye tatizo linalowakwamisha wengi.

Nimekariri maneno kama mia mbili, lakini kila nikiandika sentensi mwalimu ananisahihisha der, die na das. Kuna kanuni, au ni kubahatisha tu? (Msomaji, Morogoro)

Der, die na das ni vijineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake ya kisarufi: der ya kiume, die ya kike, das isiyo ya kiume wala ya kike. Kanuni zipo, ila hazigusi maneno yote. Yale yasiyoguswa hayana njia nyingine: jifunze neno pamoja na der, die au das yake tangu siku ya kwanza.

Tazama vyombo vya mezani. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Hakuna cha kiume ndani ya kijiko wala cha kike ndani ya uma. Ichukulie kama ngeli: hatujiulizi kwa nini tunasema "kisu kimepotea" lakini "uma umepotea". Nomino ndiyo inayoamua, maneno mengine yanafuata. Mazoea hayo tayari unayo, na ndiyo maana tunawasihi wanafunzi wetu wakifikie Kijerumani kupitia Kiswahili, wasipitie Kiingereza.

Dalili za kuaminika ni hizi. Nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni die: die Wohnung, die Krankheit, die Station. Zenye -chen ni das, na hapo ndipo msichana anapokuwa das Mädchen. Siku, miezi na majira ya mwaka ni der: der Montag, der Juli, der Sommer. Nyingi zinazoishia na -e ni die, kama die Lampe na die Schule, ila utakutana na der Name na das Auge. Mtu anayetajwa kwa kazi yake kwa -er ni der: der Lehrer, der Fahrer. Dalili hii ya mwisho usiivute hadi kwenye vitu, maana kuna das Messer na die Butter.

Daftarini usiandike "Messer: kisu". Andika "das Messer, die Messer: kisu, visu" na "die Gabel, die Gabeln: uma, nyuma". Wingi wa zote tatu huchukua die, lakini mwisho wa neno hauna sura moja: Tag huwa Tage, Kind huwa Kinder, Frau huwa Frauen, Auto huwa Autos, na Löffel halibadiliki. Asiyeandika wingi mapema hulazimika kulijifunza neno lile lile mara mbili.

Orodha ya maneno ya A1 ya Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, ina maneno kama 650. Ukichukua 10 kwa siku utaimaliza kwa miezi miwili na siku chache, ilimradi urudie ya leo kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Anayekariri 50 kwa usiku mmoja hubaki na machache sana wiki ikiisha, na hayo machache mara nyingi hayana der wala die.

Kwa nini mara naona "der Löffel", mara "den Löffel"? (Msomaji, Eldoret)

Der ni wakati kijiko ndicho kiima cha sentensi: Der Löffel ist neu, kijiko ni kipya. Den ni wakati kijiko kinatendwa jambo: Ich kaufe den Löffel, nanunua kijiko. Hali hii ya kutendwa Wajerumani huiita Akkusativ.

Habari njema ni kwamba kwa umoja na wingi ni der peke yake inayobadilika. Die na das zinabaki vilevile. Ein (moja, au fulani) nayo hugeuka einen pale tu ambapo nomino ni ya der: Ich kaufe einen Löffel, eine Gabel und ein Messer. Iseme sentensi hiyo kwa sauti hadi ulimi uizoee, halafu badilisha vitu vyenyewe.

Faida ya den ni kwamba maneno yanaweza kuhama bila maana kuharibika. "Der Hund sieht den Mann" na "Den Mann sieht der Hund" zote zina maana kwamba mbwa anamwona mwanamume. Anayesoma kwa kufuata mpangilio tu, sentensi ya pili ataielewa kinyume.

Kosa la kawaida ni kuweka einen baada ya kitenzi sein, yaani kuwa (bin, ist). Sema "Das ist ein Löffel", kwa sababu hapo hakuna kinachotendwa.

Niliandika "Heute ich lerne Deutsch" nikakosolewa. Si ndivyo tunavyosema, leo ninajifunza? (Msomaji, Bukavu)

Katika sentensi ya kawaida, kitenzi cha Kijerumani hukaa nafasi ya pili. Ukianza na heute, nafasi ya kwanza imekwisha jaa, kwa hiyo kinafuata kitenzi, kisha mtendaji: Heute lerne ich Deutsch.

Nafasi si sawa na neno. "Morgen um acht Uhr" ni maneno manne lakini ni nafasi moja, kwa sababu yote yanajibu swali la lini: Morgen um acht Uhr fahre ich nach Berlin. Viunganishi und (na), aber (lakini), oder (au) na denn (kwa sababu) havihesabiwi: Aber ich lerne Deutsch.

Vitenzi vikiwa viwili, cha pili hupelekwa mwisho kabisa: Ich will heute Deutsch lernen. Vipo pia vitenzi vinavyokatika. Aufstehen, kuamka, huacha kipande chake mwishoni: Ich stehe um sechs Uhr auf. Wengi hukisahau hicho kipande, na bila auf umesema umesimama, hujaamka.

"Ich bin Hunger" ina kosa gani? (Msomaji, Tanga)

Kiswahili kinasema nina njaa, nina kiu, na Kijerumani vilevile: Ich habe Hunger, ich habe Durst. Bin imeingia kutoka kwenye Kiingereza cha shuleni. Umri ndio unaokwenda tofauti na Kiswahili: Ich bin 24 Jahre alt.

Nasikia "halb acht" naandika saa 8:30. Kumbe sivyo? (Msomaji, Muscat)

Ni 7:30. Mjerumani huhesabu nusu ya kuielekea saa inayokuja, kwa hiyo halb acht ni nusu ya njiani kwenda nane. Kwa saa za Kiswahili hiyo ni saa moja na nusu. Usigeuze mara mbili kichwani, utapotea. Weka saa ya simu katika mfumo wa saa 24 na uisome moja kwa moja kwa Kijerumani. Kwenye vituo vya treni utasikia namna iliyo rahisi zaidi: neunzehn Uhr dreißig, yaani 19:30.

Tarakimu nazo zina mtego. Sisi tunasema arobaini na tano, wao wanasema tano na arobaini: fünfundvierzig. Ukisikiliza namba ya simu ikisomwa kwa jozi, acha nafasi kushoto, andika 5, kisha urudi uweke 4. Anayeandika kwa mfuatano wa masikio huandika 54.

Mtihani wa A1 ukoje, na watu huangukia wapi? (Msomaji, Mwanza)

Mtihani wa Goethe una sehemu nne: kusoma, dakika 25 hivi, kusikiliza, 20, kuandika, 20, kuzungumza, 15. Kufaulu ni pointi 60 kati ya 100.

Katika kuzungumza utajitambulisha, kisha utaombwa kutaja neno herufi kwa herufi, mara nyingi jina lako, na kutaja namba. Hapa wengi huteleza kwa sababu hutaja herufi kwa Kiingereza. A, e, i, o, u za Kijerumani hutajwa karibu kama zetu. Anayeitwa Neema akitaja e kwa namna ya Kiingereza, Mjerumani anasikia i na kuandika Niima. Sahihi ni en, e, e, em, a. J ni jot, V ni fau, W ni ve, Z ni tset. Mwajuma basi ni em, ve, a, jot, u, em, a.

Kazi yako itaje bila ein: Ich bin Lehrerin. Nchi nyingi nazo hazitanguliwi na der, die wala das: Ich komme aus Tansania, aus Kenia. Kongo ina der, ambayo baada ya aus hugeuka dem: aus dem Kongo.

Katika kuandika utajaza fomu na kuandika ujumbe wa maneno kama 30, wenye hoja tatu ulizopewa. Andika walau sentensi moja kwa kila hoja, kwani hoja iliyorukwa haina alama hata kama barua yako ni ndefu na safi. Ukimwandikia usiyemfahamu tumia Sie (wewe ya heshima) kwa herufi kubwa hadi mwisho, usichanganye na du (wewe ya mtu wa karibu).