Mchanga Mweusi wa Singani

Mwanangu Rukia,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza kama pwani ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, inafaa kwa fungate, au mwende Nungwi kama wenzenu. Habari za nauli na hoteli muulize kaka yako, ndiye msafiri. Mimi nina neno kuhusu Singani, kijiji cha pwani ya huko, maana mchumba wako akiuona ule mchanga mweusi naogopa atasema nililokwisha kulisikia.

Ilikuwa ile safari ya harusi ya shangazi yako, nilipompeleka bibi yako kwao. Tuliteremka ufukweni alasiri. Majabali meusi yamechongoka, yana matundu kila mahali. Mawimbi yanaingia mapangoni kwa kishindo yanatoka meupe pe. Maji yakirudi nyuma, mchanga unabaki unameremeta kama manyoya ya kunguru. Bibi yako akavua viatu. Mgeni mmoja tuliyefuatana naye akasema, "Pwani gani hii, pachafu hivi!" Bibi hakumjibu. Aliinama, akavaa viatu vyake, tukarudi garini. Nikikumbuka alivyokuwa akihangaika na ule ukanda wa kiatu, moyo unaniuma hadi leo.

Pachafu! Ule ni mlima Karthala wenyewe, volkano ya Ngazidja, umelala pale. Aprili 1977 ulipasuka ubavuni, lava ikateremka, ikaifunika Singani, ikafika baharini. Lava ikiingia majini hupasuka vipandevipande, na mawimbi huendelea kuyasaga mawe mwaka baada ya mwaka. Mchanga wa Nungwi ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Huu ni jiwe lililotoka motoni. Nimewaambia tangu mko wadogo: pwani haipimwi kwa weupe. Na chini ya maji, katika mapango ya lava ya upande huohuo wa kisiwa, ndimo anamojificha gombesa, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria.

Halafu najiuliza: nasifu nini? Watu walikimbia wameacha nyumba na mashamba, mimi nakaa Unguja nauita uzuri. Pengine si haki yangu. Lakini nyumba ya kaka yake bibi yako imo chini ya mawe yale, na ni bibi mwenyewe aliyevua viatu ili akanyage. Hakuna aliyemlazimisha. Basi kama yeye aliona pa kukanyaga, mimi ni nani niseme hapana uzuri? Narudia, pwani haipimwi kwa weupe.

Sikuamulii. Ulimi unaniwasha kusema nendeni, lakini fungate ni yenu wawili. Mwonyeshe picha kwanza, umsikilize. Mkienda, msiende ufukweni adhuhuri, mchanga ule unaunguza nyayo, na msiogelee penye majabali. Na mpitie Moroni kwa shangazi yako kabla ya kwenda popote, asije akasikia kwa watu kwamba mmefika.

Baba yako