Ua la Usambara kwenye baridi ya Mbeya

Kila Juni naulizwa swali lilelile: mbona ua langu la Usambara limelegea wakati nalimwagilia kila siku? Basi ndicho kinachoniuma, hiyo kila siku. Mtu akiona majani yamelala anaongeza maji, kumbe mizizi imeshaanza kuoza.

Wengi hudhani ua la milimani lazima lipende baridi. Haya tunayofuga majumbani asili yake kubwa ni ile aina ya maeneo ya Tanga na Amani, joto tupu ukilinganisha na Uyole, huku kwetu Mbeya. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Kule porini huota kwenye nyufa za miamba, kivulini, penye udongo kiduchu. Linapenda nyuzi 18 hadi 24. Sisi usiku wa Julai tunashuka chini ya 10.

Kwa hiyo jioni liondoe dirishani. Kioo cha usiku ni barafu, na jani likikigusa linaharibika. Asubuhi lirudishe. Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote. La kaskazini jihadhari nalo: katikati ya mwaka jua letu hupita upande huo, na mwanga mkali wa moja kwa moja huunguza majani. Pazia jepesi linatosha.

Maji yawe ya uvuguvugu. Yale ya bomba ya alfajiri yakidondokea jani huacha mabaka ambayo hayatoki tena. Mimi huweka kopo kwenye kisahani chenye maji, udongo unanyonya wenyewe kwa nusu saa, yanayobaki namwaga. Halafu silimwagilii tena mpaka nikigusa udongo kwa kidole niukute mkavu juu. Wakati wa baridi hiyo inaweza kuwa hata wiki nzima, na wala usiwe na wasiwasi.

Udongo mweusi wa shambani peke yake ni mzito mno. Changanya mboji na yale mawe mepesi yenye matundu yaliyotapikwa na volkano za huku kwetu. Yaponde yawe kama punje za mahindi. Kopo liwe dogo, matundu chini. Kopo kubwa hukaa na maji.

Na tafadhali, usiliweke jirani na sinia la ndizi na maparachichi yanayoiva. Hewa itokayo kwenye matunda hayo hupukutisha maua.

Kuzalisha subiri joto lirudi, Septemba hivi. Kata jani zima na kikonyo chake, bakiza kikonyo cha sentimita 3, kichomeke kwenye mchanganyiko uleule ukiwa na unyevunyevu, funika na mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga. Miche hutokeza chini ya jani baada ya miezi miwili hivi, wakati mwingine zaidi. Usiitenganishe mpaka majani yake yafikie ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili.