Imani, talaka na nafasi ya familia

Ndugu yangu, umeuliza kama muumini anayeomba talaka baada ya miaka ya ugomvi amemwasi Mungu, au amewatanguliza watoto wake. Naona swali hilo linaruka hatua. Sura ya An-Nisaa ya Qurani, aya ya 35, inaagiza kwamba ikihofiwa kuwa wanandoa watafarakana, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Nao Wakatoliki, ambao hawaitambui talaka, wanaruhusu katika kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 wenzi watengane iwapo mmoja anahatarisha sana mwili au roho ya mwenzake au ya watoto. Kwa hiyo kuvumilia kipigo si sharti la imani, ingawa wapo wazee wanaohubiri hivyo. Lakini pale penye uchovu tu, ambapo baba hurudi watoto wameshalala na mama hula akiwa ameinamia simu, mimi ningeanza kwa kupunguza saa za kazi kabla ya kumwendea kadhi au wakili. Je, mmewahi kukaa na wasuluhishi wa pande zote mbili?