Majibu kwa Wasomaji: Kaunti Ndogo Kuliko Pemba na Msimu Wake

Katika toleo lililopita tulichapa habari fupi ya timu ya kandanda ya Kigaeli (mpira wa Kiayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu) ya kaunti ya Louth, nchini Ayalandi, ambayo tarehe 11 Mei 2025 ilitwaa ubingwa wa jimbo la Leinster kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1957. Hatukutarajia kwamba mchezo usiochezwa hapa Visiwani ungetuletea barua nyingi kiasi hiki. Tumechagua chache, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobeba nyingine zote.

*Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja hapa Wete. Mwanafunzi wangu wa zamani anafanya kazi Drogheda, mji wa huko Louth, na siku hiyo alinitumia video ya mzee mwenye mvi, ameketi kwenye ngazi za uwanja, amejifunika uso kwa jezi nyekundu, analia kwa kwikwi. Naelewa mtu kulilia timu ya taifa. Lakini ubingwa wa jimbo tu unamlizaje mtu mzima? Na msimu wa timu ya kaunti unakwendaje, tangu mwanzo hadi mwisho?*

Wa alaikumu salaam, Maalim. Tuanze na ardhi yenyewe, kwa kuwa bila ya kuijua ardhi machozi ya mzee yule hayatafahamika. Louth ndiyo ndogo kuliko kaunti zote 32 za kisiwa cha Ayalandi. Eneo lake ni kilomita za mraba 826 hivi, yaani ni ndogo kuliko Pemba, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu wasiofika 140,000, ilhali Pemba kwa sensa ya mwaka huo huo ilivuka nusu milioni. Kusini yake, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ipo Dublin yenye watu wanaokaribia milioni moja na nusu, nayo huingiza timu moja tu katika jimbo hilo hilo la Leinster, sawa na Louth.

Timu ya kaunti ni kile ambacho sisi hukiita kombaini. Klabu za vijiji na mitaa hucheza zenyewe kwa zenyewe, na vijana wanaong'ara huitwa kuvaa jezi ya kaunti. Chama kinachosimamia michezo hii, kilichoasisiwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884, hakina soko la wachezaji. Louth ikikosa golikipa mwaka huu haina pa kwenda kumnunua. Itamtafuta miongoni mwa watoto wake, na asipopatikana itamngoja aliye na miaka kumi na sita akomae. Hebu fikiria, Maalim, timu inayoundwa na vijana wa Kaskazini Pemba peke yao ikiwa inatakiwa kila mwaka kupambana na jiji lenye watu mara kumi yao, bila ya ruhusa ya kuazima hata beki mmoja kutoka Unguja.

Msimu wenyewe hufunguliwa kwa Ligi ya Taifa mwishoni mwa Januari, siku ambazo sisi tumekwishakunja bendera za Kombe la Mapinduzi, na ligi hiyo humalizika mwishoni mwa Machi. Timu zimegawanywa katika madaraja manne ya timu nane nane. Kila moja hucheza mechi saba, mbili hupanda na mbili hushuka. Wapo wanaoiona ligi kuwa ni maandalizi tu ya ubingwa, kwa kuwa huchezwa katika baridi na matope na kombe lake halina uzito wa makombe ya majira ya joto. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2021 Louth ilikuwa daraja la nne, chini kabisa. Ilipanda mwaka huo, ikapanda tena mwaka 2022, chini ya kocha Mickey Harte ambaye aliwahi kuipa kaunti ya Tyrone ubingwa wa Ayalandi mara tatu, na hadi msimu wa 2025 ilikuwa bado imejishikilia katika daraja la pili. Uzoefu wa kucheza na wakubwa kila Jumapili ya Februari ndio ulioifikisha kule ilikofika.

Inapoingia Aprili huanza ubingwa wa majimbo manne, ambayo ni Leinster, Munster, Ulster na Connacht. Hapa ni mtoano: ukifungwa, kombe la jimbo limekwisha mpaka mwaka ujao. Na hapa ndipo anapoingia mzee wako wa kwenye video.

Louth ilipoutwaa ubingwa wa Leinster mwaka 1957 iliendelea mpaka ikawa bingwa wa Ayalandi nzima kwa kuifunga Cork. Mtu wa miaka 75 leo alikuwa mtoto mdogo siku hizo, na baada ya hapo aliishi miaka hamsini na zaidi bila ya kuona tena. Ikaja fainali ya mwaka 2010 dhidi ya majirani zao Meath. Louth walikuwa mbele kwa pointi moja, dakika zilikuwa za nyongeza, na watu wamekwishasogelea ukingo wa uwanja wakisubiri kipyenga. Mchezaji wa Meath akaanguka na mpira mbele ya goli, akauvusha mstari kwa mkono, jambo ambalo kanuni haziruhusu. Refa akalikubali goli. Mechi ikaisha Meath 1-12, Louth 1-10 (tarakimu ya mwanzo ni magoli, ya pili ni pointi, na goli moja ni sawa na pointi tatu). Refa alikiri kosa baadaye, lakini mechi haikurudiwa, na kombe likabaki Meath.

Miaka kumi na tatu baadaye Louth wakarudi fainali, wakafungwa na Dublin. Mwaka 2024 wakarudi tena, na tena Dublin wakawafunga. Dublin wakati huo walikuwa wamelichukua kombe la Leinster mara 14 mfululizo, tangu 2011 hadi 2024, na watu wengi walishaacha kuuliza nani atakuwa bingwa. Kisha Aprili 2025 Meath wakaitoa Dublin katika nusu fainali, na Louth wakawatoa Kildare. Kwa hivyo aliyekuwa akiwasubiri Louth fainali, uwanja wa Croke Park jijini Dublin, mbele ya watu zaidi ya 65,000, hakuwa mwengine ila Meath wale wale wa 2010. Safari hii Louth walishinda 3-14 kwa 1-18, na nahodha Sam Mulroy akalinyanyua kombe ambalo hakuna kijana wa Louth aliyewahi kulinyanyua tangu kabla ya wazazi wa wengi wao kuzaliwa.

Pengine wewe mwenyewe ulikuwepo Gombani tarehe 13 Januari 2025, Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 na kulitwaa Kombe la Mapinduzi. Waliokuwa jukwaani usiku ule wanamjua mzee yule bila ya kumwona.

Baada ya majimbo hufuata mashindano ya Ayalandi nzima, yanayogombea kombe la Sam Maguire. Mwaka 2025 timu 16 ziliingia, zikagawanywa katika makundi manne. Louth walimaliza wa tatu katika kundi lao, wakapangiwa kwenda ugenini kwa Donegal, na huko wakafungwa kwa tofauti kubwa. Msimu wao ukaishia hapo, mwezi Juni. Lakini tazama mnyororo huu: Meath, waliofungwa na Louth mwezi Mei, waliifunga Kerry mwezi Juni, na ni Kerry hao hao walioifunga Donegal 1-26 kwa 0-19 katika fainali ya tarehe 27 Julai na kuchukua ubingwa wao wa 39. Sisemi kwamba Louth ni bora kuliko Kerry. Nasema kwamba ushindi wao wa Mei haukuwa wa kuokota.

*Mhariri, hapa kwenye baraza yetu ya Jang'ombe tumebishana siku mbili. Gazeti limeandika 3-14 kwa 1-18. Mwenzetu anasema aliye na 18 ndiye mshindi. Tuamulie.*

Mwenzenu amesahau tarakimu ya mwanzo, ambayo ni ya magoli, na kila goli lina thamani ya pointi tatu. Milingoti ya goli imesimama kama herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni ni goli. Ukipita juu yake, baina ya milingoti, ni pointi moja. Kwa hivyo 3-14 ni tisa na kumi na nne, jumla 23, na 1-18 ni tatu na kumi na nane, jumla 21. Louth walishinda kwa pointi mbili tu, na anayetazama tarakimu za pili peke yake atadhani walifungwa.

Tangu msimu wa 2025 kuna jambo jipya la kuzingatia. Kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin, ilileta kanuni kadhaa za kuuchangamsha mchezo, na mojawapo ni kuwa mpira unaopigwa kwa mguu kutoka nje ya mstari wa nusu duara, ulio mita 40 kutoka goli, ukipita juu ya mtambaa panya huhesabiwa pointi mbili. Kanuni nyengine inazilazimisha timu kubakisha wachezaji wasiopungua watatu katika kila nusu ya uwanja. Hii ya pili naipenda zaidi, kwa sababu miaka ya karibuni timu zilizoea kurundika watu wote 15 nyuma, na mtazamaji aliyelipa kiingilio akawa anaangalia mpira ukipasiwa pembeni dakika mbili nzima bila ya mtu kuthubutu kwenda mbele.

Kuhusu mikono, ambayo pia imewatatiza: mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira na kwenda nao hatua nne, kisha ni lazima audundishe chini mara moja au auguse kwa mguu na kuudaka tena. Kuupasia kwa mkono ni kuupiga kwa ngumi au kiganja. Kuurusha kama wa kikapu ni kosa.

*Mimi ni kijana wa Nungwi, nafanya kazi hoteli na nacheza winga. Wageni wawili kutoka huko walinifundisha kidogo ufukweni. Je, wanaochezea kaunti wanalipwa vizuri? Naweza kusajiliwa?*

Ndugu yangu, mshahara hakuna. Wachezaji wa kaunti ni wa ridhaa, wote, hata wale wa Kerry na Dublin wanaojaza Croke Park, uwanja wa watu 82,300. Hurejeshewa gharama za safari na hupata ruzuku ndogo ya serikali, lakini asubuhi ya Jumatatu mwalimu anarudi darasani na mkulima kwa ng'ombe wake, magoti yakiwa bado yamefungwa bandeji. Mazoezi ni ya usiku, baada ya kazi, katika miezi ambayo jua la huko linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kaunti nayo haimsajili mtu kwa kipaji chake tu. Mlango ni klabu ya mahali unapoishi: ukihamia Dundalk, mji wa Louth, ukajiunga na klabu ya mtaani, ukawa bora kuliko waliokulia na mpira huo mikononi, unaweza kuitwa. Kocha ndiye anayeweza kutoka nje. Aliyewapa Louth ubingwa wa 2025, Ger Brennan, ni mtu wa Dublin aliyekuwa bingwa wa Ayalandi na kaunti yake mwaka 2011 na 2013, na baada ya msimu ule Dublin walimwita nyumbani awe kocha wao. Louth wakabaki na kombe, na kazi ya kuanza upya.

*Nauliza kwa niaba ya wanangu wa kike hapa Mkoani: na wanawake wanacheza?*

Wanacheza, Bi mkubwa, na wana chama chao tangu mwaka 1974, chenye ligi na ubingwa wake wa majimbo na wa Ayalandi nzima, na fainali yao huchezwa Croke Park hapo hapo.

*Chake Chake hapa. Timu dhaifu ikitolewa mapema, miezi iliyobaki inafanya nini? Haioni kama imekuja kusindikiza wengine?*

Swali hili liliwasumbua wenyewe kwa miaka mingi. Kaunti ndogo ilikuwa ikifungwa jimboni kwa tofauti ya kutisha, kisha inarudi nyumbani. Mwaka 2022 likaanzishwa kombe la Tailteann kwa timu zisizofuzu kugombea Sam Maguire, na wapo walioliita kombe la maskini. Nadhani walikosea. Meath walilichukua mwaka 2023, na miaka miwili baadaye ndio hao walioikatisha Dublin na kuifunga Kerry. Kildare, waliotolewa na Louth Aprili 2025, walilitwaa Julai ya mwaka huo huo. Kwa upande wa Sam Maguire, makundi yaliondolewa kuanzia msimu wa 2026, na ilikuwa haki, maana zilichezwa mechi 24 ili kuzitoa timu nne tu.

Tena tangu mwaka 2022 msimu wa kaunti hufungwa mwishoni mwa Julai, ilhali zamani fainali ilikuwa Septemba, ili nusu ya pili ya mwaka iwe ya klabu. Kijana anavua jezi ya kaunti, anarudi kwenye uwanja wa kijijini kwao wenye majani marefu pembeni, na Jumamosi inayofuata anamkuta beki aliyelala naye chumba kimoja kambini tangu Januari amekuja na klabu ya kijiji cha pili, amepangwa kumkaba yeye.